Sainasi Inaposingiziwa Kosa la Kipandauso

Maumivu yanayokaa kwenye paji la uso, nyuma ya macho na mashavuni, hasa pua ikiwa imeziba, wengi huyaita kwa jina moja tu: sainasi. Mgonjwa hulitaja jina hilo dukani anaponunua dawa, muuza dawa hulipokea bila swali, na daktari mwenye foleni ndefu mlangoni naye huliandika kwenye kadi. Kumbe kipandauso nacho huwashika watu wengi hivyo hivyo, mahali pale pale, na pua ikiwa imeziba vile vile. Haya ni magonjwa tofauti kabisa. Ugonjwa wa sainasi ni uvimbe wa utando ulio ndani ya mifupa ya uso. Aghalabu huletwa na mafua na huondoka pamoja nayo. Kipandauso ni ugonjwa wa ubongo na neva zake. Huja na kwenda kwa miaka mingi, na dawa za sainasi hazikitibu.

Ukubwa wa mkanganyiko huu umepimwa nchini Marekani. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa watu 2,991 waliojieleza kuwa wanaumwa kichwa cha sainasi, au walioambiwa hivyo na daktari. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amewahi kuambiwa kuwa ana kipandauso. Walipochunguzwa kwa vigezo vya Chama cha Kimataifa cha Maumivu ya Kichwa, asilimia 88 walikutwa na kipandauso, ama kwa vigezo vyote au kwa kupungukiwa kimoja tu. Na wengi wao walikuwa na kila kitu ambacho mtu angekitarajia kwa mgonjwa wa sainasi: uzito usoni, maumivu ya mashavu, pua iliyoziba, wengine hata machozi. Mwaka 2007 utafiti mdogo zaidi wa Arizona uliwachunguza kwa kina watu 100 wa namna hiyo. Ambao maumivu yao yalitokana kweli na ugonjwa wa sainasi walikuwa 3.

Takwimu hizi hazimhusu kila mwenye mafua na kichwa kinachouma. Zinawahusu watu ambao kichwa "cha sainasi" huwarudia mara kwa mara, mwezi hadi mwezi, mwaka hadi mwaka. Kurudiarudia huko ndiko kunakopaswa kutia shaka mapema kuliko dalili nyingine yoyote.

Sainasi zenyewe ni vyumba vya hewa vilivyomo ndani ya mifupa ya uso. Viko jozi nne: mashavuni, kwenye paji juu ya nyusi, katikati ya macho, na nyuma kabisa chini ya ubongo. Kila chumba kimetandwa utando mwembamba unaotoa ute, na vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho huusukuma ute huo hadi kwenye kitundu kinachofunguka puani. Mafua yakiuvimbisha utando, kitundu huziba, ute hunaswa ndani na uso huanza kuuma. Sainasi za mashavuni ziko juu tu ya mizizi ya magego ya juu, ndiyo maana ugonjwa wake huweza kuhisiwa kama maumivu ya meno, na jino bovu la juu nalo huweza kuuanzisha. Za kwenye paji mtoto hazaliwi nazo. Hukua polepole utotoni. Kwa hiyo mtoto wa miaka mitatu au minne anayelia huku ameshika paji la uso, ni vigumu sana kwamba chanzo ni sainasi ya mahali hapo.

Ugonjwa halisi wa sainasi huwa na mwanzo unaoeleweka. Hutangulia mafua: chafya, koo kuwasha, kamasi nyepesi. Kisha kamasi huwa nzito, ya manjano au kijani, pua huziba, mgonjwa hasikii tena harufu ya chakula, na uso huuma ukibonyezwa chini ya macho au juu ya nyusi. Maumivu ni ya kukandamiza kutwa nzima, hayaji kwa mapigo. Mara nyingi chanzo ni virusi, na hali hutulia yenyewe ndani ya siku 10. Katika kila watu wazima 100 wenye mafua, wanaoishia kupata maambukizi ya bakteria kwenye sainasi hawazidi wawili. Bakteria hushukiwa siku 10 zikipita bila nafuu yoyote, au mgonjwa akipata nafuu kisha akazidiwa upya, au tangu mwanzo homa ikifika nyuzi 39 pamoja na kamasi yenye usaha na maumivu ya uso kwa siku tatu au nne mfululizo. Rangi ya kamasi peke yake haithibitishi kitu. Chembe nyeupe za damu ndizo zinazoipa rangi hiyo, na hutokea hata katika mafua ya kawaida.

Uko pia ugonjwa sugu wa sainasi, unaodumu wiki 12 au zaidi. Malalamiko yake makubwa ni pua kuziba, kamasi kushuka nyuma ya koo na kupoteza uwezo wa kunusa. Uso unaweza kuhisi uzito, lakini kichwa kikali cha kumlaza mtu kitandani si tabia yake.

Kipandauso hakihitaji mafua. Kwa wengi huanza saa kadhaa, au hata siku nzima, kabla ya maumivu: miayo isiyoisha, shingo kukakamaa, hasira za karibu, hamu ya ghafla ya kitu kitamu au chenye chumvi. Baadhi ya wagonjwa, pungufu ya theluthi moja, huona vimulimuli au mistari ya zigizaga inayotambaa mbele ya macho, au huhisi ganzi ikipanda kutoka vidoleni kuelekea mdomoni. Hali hiyo huchukua dakika 5 hadi 60. Mtaalamu wa Brazili, Aristides Leão, alieleza mwaka 1944 wimbi la polepole linalotambaa juu ya uso wa ubongo na kuzima kwa muda shughuli za chembe zake. Wimbi hilo ndilo linaloaminika leo kuwa asili ya vimulimuli hivyo.

Kisha huja kichwa chenyewe. Kwa mtu mzima asiyetibiwa hudumu saa 4 hadi 72. Mara nyingi huuma upande mmoja, lakini kwa wengi huuma pande zote mbili, na kwa wengine hukaa usoni kabisa, kwenye mashavu na mzizi wa pua. Hudunda kufuata mapigo ya moyo. Kupanda ngazi, kuinama kufunga kamba za viatu au kubeba ndoo ya maji hukizidisha. Mgonjwa huvuta mapazia, huomba redio izimwe, hujifunga kitambaa kwa nguvu kuzunguka kichwa na kulala ubavu bila kujigeuza. Vitunguu vinavyokaangwa jikoni, harufu aliyoipenda jana, leo vinamtapisha. Wapo wanaopata nafuu wakishatapika au wakipata usingizi mzito, hasa watoto. Maumivu yakiisha, siku inayofuata mwili huwa mzito na mawazo hayakai sawa, kama mtu aliyekesha msibani.

Mahali panapouma, basi, hapatoshi kutofautisha. Wala pua. Jambo hili ndilo linalowapoteza wengi, kwa sababu inaonekana ni akili ya kawaida tu kwamba pua inayotoka kamasi ni pua inayoumwa. Maelezo yake yako kwenye neva ya tano ya kichwa, iitwayo trijemina. Neva hii ina matawi matatu: moja huenda kwenye paji na jicho, la pili kwenye shavu, pua na meno ya juu, la tatu kwenye taya la chini. Tawi la kwanza ndilo pia linalobeba hisia za utando unaofunika sehemu kubwa ya ubongo. Kipandauso kinapoiamsha neva hii, hutoa kemikali zinazotanua mishipa ya damu na kuchochea maumivu, na mgonjwa huyahisi popote pale ambapo matawi yake yanafika. Shina la ubongo nalo hurudisha amri kupitia neva nyingine hadi kwenye tezi za machozi na utando wa pua. Jicho hulengalenga, utando wa pua hujaa damu na kuvimba, pua huziba au hutiririsha maji mepesi. Yote hayo hutokea pasipo mdudu hata mmoja puani. Kamasi ya kipandauso huwa nyepesi na haina rangi. Kamasi nzito yenye usaha ni habari nyingine.

Hali ya hewa huongeza mkanganyiko. Mawingu ya masika yanapojikusanya, joto linapopanda ghafla, upepo unapoinua vumbi, wapo ambao kichwa huanza siku hiyo hiyo, na wao huona ni dhahiri kwamba hewa imeingia kwenye sainasi. Lakini mabadiliko ya hali ya hewa ni miongoni mwa vichocheo ambavyo wagonjwa wa kipandauso huvitaja sana, pamoja na kukosa usingizi au kulala kupita kawaida, kuruka mlo, uchovu wa mawazo, pombe, manukato makali na moshi. Kwa wanawake wengi huja siku chache kabla ya hedhi au inapoanza. Ugonjwa wa sainasi haufuati hedhi, na mwanamke ambaye "sainasi" humshika kila mwezi siku zile zile ana sababu nzuri ya kumwomba daktari aanze upya.

Dawa nazo hupotosha. Vidonge vya mafua vinavyouzwa madukani huwa vimechanganywa na dawa ya maumivu, na aghalabu kafeini, vitu ambavyo hupunguza hata kipandauso chepesi. Mgonjwa akipata nafuu huona utambuzi wake umethibitishwa. Antibiotiki hupotosha zaidi. Shambulio la kipandauso huisha lenyewe ndani ya siku tatu. Aliyeandikiwa dozi ya siku tano au saba atakuwa mzima kabla ya kuimaliza, na sifa zote zitakwenda kwa dawa. Mwezi ujao ataomba ile ile. Hivyo ndivyo mtu anavyoweza kumeza dozi nyingi za antibiotiki kwa mwaka bila kuwa na bakteria wa kuuawa, huku bakteria wengine mwilini mwake wakijifunza kuhimili dawa ambayo siku moja ataihitaji kweli. Kujifukiza kwa majani ya mkaratusi nako hulainisha kamasi na kufungua pua kwa muda, lakini nafuu hiyo haithibitishi ugonjwa. Na sufuria ya maji yanayotokota chini ya blanketi imewaunguza watoto; wao wasifukizwe.

Hata picha huweza kudanganya. Kipimo cha CT cha kichwa mara nyingi huonyesha utando wa sainasi ulionenepa kidogo kwa watu wasio na dalili yoyote, au waliokuwa na mafua wiki iliyotangulia. Mwenye kipandauso akipigwa picha ya namna hiyo anaweza kutoka na karatasi inayosema ana sainasi, na wengine wamefikishwa hadi chumba cha upasuaji wa pua na kichwa kikaendelea kuuma. Picha ina maana pale tu inapolingana na maelezo ya mgonjwa.

Maelezo ndiyo kipimo chenyewe, na maswali yanayohitajika ni machache. Mwaka 2003 kilichapishwa kipimo cha maswali matatu kwa ajili ya madaktari wasio mabingwa. Katika miezi mitatu iliyopita, je, kichwa kilipouma mgonjwa alihisi kichefuchefu? Je, mwanga ulimsumbua? Je, kilimfanya ashindwe kufanya kazi au shughuli zake hata siku moja? Mgonjwa anayejibu ndiyo kwa maswali mawili kati ya hayo, uwezekano wa kuwa na kipandauso ni takriban asilimia 93. Hakuna swali linalohusu pua. Daktari makini ataongeza la familia, kwa kuwa kipandauso hurithiwa: mama aliyekuwa akijifungia chumbani, shangazi aliyekuwa hawezi jua. Ataomba pia daftari. Mgonjwa akiandika kwa miezi miwili siku ya kichwa, saa kilipoanza na kuisha, alichokula, usingizi, hedhi, dawa aliyomeza na hali ya kamasi, kurasa hizo humsaidia daktari kuliko picha.

Kipandauso si ugonjwa wa Ulaya wala wa watu wa maofisini. Duniani humpata takriban mtu mmoja kati ya saba, na wanawake mara mbili hadi tatu kuliko wanaume. Uchunguzi wa nyumba kwa nyumba katika eneo linalohudumiwa na Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, kaskazini mwa Tanzania, ulikikuta kwa wakulima na wafugaji wa vijijini. Afrika Mashariki, hata hivyo, jina la kwanza linalokuja kichwa kikiuma ni malaria, na ni sawa kipimo cha haraka cha damu kitangulie. Tatizo ni pale kipimo kinapokuwa safi mara ya tatu, ya nne, ya tano, na bado hakuna anayeuliza kuhusu mwanga na kichefuchefu. Wengine wamechanjwa chale kwenye paji, alama ambazo huonekana hadi leo kwa watu wazima, na wengine wametafutiwa aliyewaroga.

Matibabu hutengana tangu mwanzo. Kwa sainasi iliyoletwa na virusi inatosha dawa ya maumivu, maji ya kutosha na kusafisha pua kwa maji ya chumvi: nusu kijiko cha chai kwenye robo lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Maji ya bomba yasiyochemshwa yasiingizwe puani. Matone ya kuzibua pua yasizidi siku tano, kwani baada ya hapo yenyewe huanza kuiziba. Mwenye mzio hufaidika na dawa ya kupulizia puani yenye steroidi, akiitumia kila siku kwa wiki kadhaa. Antibiotiki ni kwa wale tu wenye dalili za bakteria zilizotajwa.

Kipandauso hutibiwa mapema, saa ya kwanza ikiwezekana, kwa dozi kamili. Ibuprofeni na aspirini hufanya kazi kwa wengi, parasetamoli kwa baadhi. Wenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo, na wajawazito, wasizitumie mbili za mwanzo bila daktari, na watoto wasipewe aspirini. Kwa kuwa tumbo hupunguza kazi wakati wa shambulio, dawa ya kuzuia kutapika husaidia hata kidonge cha maumivu kifyonzwe. Zipo pia triptani, dawa zilizotengenezwa mahususi kwa kipandauso tangu miaka ya 1990. Hazipewi wenye ugonjwa wa moyo au waliowahi kupata kiharusi. Anayeshikwa siku nne au zaidi kwa mwezi anastahili dawa ya kinga ya kila siku. Propranololi na amitriptilini ni za siku nyingi na za bei nafuu, ingawa ya kwanza haiwafai wenye pumu. Mwanamke mwenye kipandauso cha vimulimuli amweleze mtoa huduma kabla ya kuanza vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, kwa sababu vikikutana huongeza hatari ya kiharusi.

Kosa la jina huleta pia ugonjwa wa tatu. Anayemeza dawa za kawaida za maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, au zile za mchanganyiko na triptani siku 10 au zaidi, kwa muda unaozidi miezi mitatu, huweza kuanza kuumwa kichwa karibu kila siku kwa sababu ya dawa hizo hizo. Wengi wa wanaosema "sainasi yangu sasa imekuwa sugu" wamefikia hapa. Nafuu huja dawa zikipunguzwa au kusimamishwa chini ya uangalizi, na siku za mwanzo huwa ngumu.

Yapo maumivu mengine yanayofanana na haya. Kichwa cha mkazo hukaza pande zote mbili kama mkanda, bila kutapika. Kichwa cha vishada, ambacho ni nadra, hushambulia kuzunguka jicho moja kwa dakika 15 hadi 180, jicho likitoa machozi na pua ya upande huo ikiziba, na mgonjwa hawezi kutulia. Huyo naye mara nyingi huambiwa ana sainasi.

Na yapo yasiyosubiri daftari wala maswali matatu. Kichwa kinacholipuka ghafla na kufikia kilele ndani ya dakika moja. Kichwa chenye homa na shingo iliyokakamaa, au kuchanganyikiwa, degedege au udhaifu wa upande mmoja. Kichwa kipya kinachozidi kila siku kwa anayeishi na VVU, ambaye huweza kuwa na homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi. Kichwa kikali kwa mjamzito aliyepita wiki 20, hasa akiona ukungu au akivimba uso. Kichwa cha namna mpya kwa aliyevuka miaka 50. Kwa upande wa sainasi, hatari kubwa ni maambukizi kuvuka ukuta mwembamba unaoitenganisha na jicho. Mtoto mwenye mafua ambaye kope la jicho moja limevimba na kuwa jekundu, jicho likatokeza mbele au likashindwa kuzunguka, au akaanza kuona vitu viwili viwili, anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.